Damu ya Baba Riziki

Faida mwanangu,

Mambo ya mosikitera ya kuzuia mbu, ya kuchemsha maji na ya kuangalia mizigo yako mu boti, tantine wako utakayemukuta Kalemie atakuambia, na atayarudia mpaka utachoka. Minye sina nguvu ya hayo leo. Iko jambo moja nimelikalia miaka tisa, na najijua: kama boti ya kesho inaondoka bandarini Kalundu mbele sijakuambia, sitakuambia tena. Nimeketi hapa nyuma ya nyumba, jua lingali juu, na weye uko Mulongwe unasukwa nywele. Naomba usirudi haraka.

Juzi, mu sherehe ya kukuaga, ulisimama na fanta yako mkononi ukasimulia ile hadithi yangu. Kwamba mu labo ya mama yako, pale hospitali, mugonjwa hakosi damu, juu mwanaume akiogopa sindano, mama yako anamushika na maneno ya mudomo tu, na mwenyewe anakunja shati. Uliiga sauti yangu vizuri sana, hata na mukono kiunoni. Ukasema kwamba huko Kalemie wanaume wajitayarishe, maana mutoto wa Mama Faida anakuja. Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Minye pia nilicheka, sitadanganya.

Halafu rafiki yako Riziki, huyu huyu anayekusuka sasa, akasema polepole akiangalia sahani yake: "Basi baba yangu alimushinda. Minye nilikuwa nakufa, akakataa kunipa damu." Ulimushika bega, ukamutukana baba yake kwa neno ambalo sitaliandika hapa, halafu ukaniangalia minye nikubali. Nilikunywa soda yangu. Nilikunywa mpaka chupa ikaisha, nikaendelea kuishika mudomoni.

Faida, baba yake Riziki hakukataa kwa roho mbaya. Alikataa juu yangu, sababu ni minye.

Sasa nitakueleza, na utanivumilia nikieleza kama vile kwa muntu ambaye hajasoma labo. Jana nimemueleza muntu ambaye hajasoma, na nimegundua kwamba nikianza kutumia maneno ya shule, ninajificha nyuma yake.

Miaka tisa iliyopita Mama Riziki aliletwa kutoka kijijini Runingu. Alikuwa amezaa mutoto wa sita na damu ilimutoka vibaya, ukimufungua jicho ndani ni kweupe kabisa. Frigo yetu haikuwa na poshi ya damu hata moja. Unajua vile iko hapa kwetu, mugonjwa anakuja na watu wake, na damu iko ndani ya hao watu. Yeye alikuja na wawili, bwana yake na kaka yake mudogo anayeuza mawese Mulongwe. Yule kaka alikuwa ameishakunja shati mbele hata sijaomba. Nilimupima: O positif, sawa na dada yake. Bwana naye alikuwa O positif, ila alisimama karibu na mulango, mikono ndani ya mifuko, jasho linamutoka.

Na koridoo ilijaa watu. Hiyo ndiyo inanichoma zaidi, mwanangu, kwamba kulikuwa na watu wa kuniangalia. Kama tungekuwa watatu peke yetu, naamini ningechukua damu ya yule kaka na kumaliza kazi. Lakini nilisikia watu nyuma yangu, nikamuambia kaka: "Weye kaa. Bwana yupo." Nikamugeukia mume: "Baba, batoto sita ulibatia mu tumbo ya bibi yako bila kuogopa, leo ka sindano kadogo ndiko kanakutetemesha?" Wakacheka. Hata enfirmye, muuguzi wa zamu, alicheka. Yule mwanaume akaja, akalala, akanyoosha mukono. Nilipokuwa natafuta mushipa aliniambia kwa sauti ya chini: "Mama, minye sikukataa. Nilikuwa naomba Mungu kwanza." Nilichoma sindano. Nilikuwa nimeishapata nilichokitaka.

Sasa sikia. Shuleni tulifundishwa kwamba bwana asimupe damu bibi yake aliyemuzalia watoto, kama iko muntu mwingine. Usidhani nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeandika mu kaye yangu na kupiga mustari chini kwa biki nyekundu. Watu wanajua A, B, O na rezisi, wanafikiri imekwisha, lakini juu ya damu ya muntu iko alama zingine nyingi, ndogo ndogo: Kell, Kidd, Duffy, na zingine ambazo hatuna hata dawa ya kuzipima hapa. Hayo yanatoka kwa majina ya wagonjwa ambao alama hizo zilionekana kwao mara ya kwanza. Mama anaweza kukosa alama moja, na mutoto akaichukua kwa baba. Siku ya kuzaa, damu kidogo ya mutoto inaingia kwa mama. Mwili wa mama unaona mugeni, unaweka askari wa kumungojea, ndio hao tunawaita antikori. Mimba moja, mbili, sita. Halafu miaka inapita na askari wanapungua, mpaka ukipima hauwaoni, lakini mwili haujasahau. Na katika dunia nzima, ni nani ana damu yenye ile alama? Ni baba ya wale watoto.

Kaka wa mama mumoja na baba mumoja, pengine naye alikosa ile alama kama dada yake. Pengine. Minye nilimukalisha, nikamuita yule ambaye damu yake ilikuwa na hatari kuliko ya mwanaume mwingine yeyote wa Runingu, juu nilitaka watu wacheke.

Na bado kulikuwa na njia moja ya kujua. Unaijua, ni Coombs: unachanganya, unatia mu joto, unaosha mara tatu, unatia ile serum, unaangalia. Ni karibu saa nzima. Kichupa cha ile serum kilikuwepo mu frigo. Lakini kurent ya umeme ilikuwa inaenda na kurudi, mama alikuwa anaisha, na minye nilikuwa mwenye furaha ya ushindi. Nilichanganya haraka na maji ya chumvi, nikaangalia, sikuona damu inashikana, nikaandika mu rejista: kompatible, yaani inafaa. Ni kweli, labda ule muda haukuwepo. Labda hata Coombs isingeonyesha kitu, juu wale askari wakipungua sana wanapita bila kuonekana. Nimejiambia hayo miaka yote, na yote yanaweza kuwa kweli, ila hayanisaidii, juu yule kaka alikuwa ameketi pale pale na shati limekunjwa.

Mama Riziki alipata nguvu. Siku ya tatu aliketi akala samaki, bwana yake anamutolea miiba. Walirudi kwao. Yule baba aliniletea kuku wawili wa kunishukuru, na weye ulikuwa mudogo, ulikula paja. Hadithi yangu ilianza kutembea mu mji wakati huo, kwamba Mama Faida alifanya mwoga wa Runingu aokoe bibi yake.

Siku ya nane alirudishwa. Macho manjano, mukojo rangi ya Coca, damu imepungua kuliko siku ya kwanza. Munganga akaandika labo ipime tena. Tulikuwa tumehifadhi mu frigo kipande cha mupira wa ile poshi, na damu ya bwana ndani. Nilikichukua, na ile siku nilifanya kila kitu vile inapaswa. Nilitia mu joto. Niliosha mara tatu, polepole. Nilitia Coombs. Faida, ilishikana mabonge mabonge, hata hauhitaji mikroskopi. Askari walikuwa wameamka. Walikuta damu ya bwana ndani ya mishipa, wakaongezeka wiki nzima, wakaivunja yote. Miaka kadhaa baadaye, mu mafunzo Bukavu, mwalimu alieleza ile ya Kidd, vile inajificha na kurudi siku ya saba au ya nane, na nilitoka inje nikasingizia tumbo. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa Kidd, juu hatukuwa na seli za kuitambua. Najua tu nilichokiona mu ile tube.

Nilisimama nayo. Halafu niliimwaga mu javel, ile dawa yetu ya kuua vijidudu.

Nilimuambia munganga: "Sijaona kitu, dokta. Labda ni maleria." Alinisadiki, juu ilikuwa ni minye. Akamutia kinini. Mafigo yalikuwa yanafunga na sisi tunatibu mbu. Baada ya siku mbili Mama Riziki alikufa. Sijui kama ukweli ungemuokoa, pengine wangemupeleka mbali, pengine angekufa njiani. Lakini nilimunyima hata ile nafasi, na nilimunyima nikiwa nimevaa bluzi nyeupe ya kazi uliyoipiga pasi weye.

Mu kilio, bandugu ya mama walianza kusema: damu ya huyu mwanaume iliingia, dada yetu akawa manjano, akafa. Damu yake iko na kitu. Yeye mwenyewe alinifuata labo mbele ya kuzika. Alivaa koti kubwa la kuazima. Akasema: "Mama Faida, minye iko na swali moja tu. Ni damu yangu?"

Nilimuambia: "Ni maleria, baba. Uende uzike."

Alinishukuru. Unaweza kuwaza? Alinishukuru, akaenda.

Lakini bandugu hawakukubali maleria, na nani angewalaumu? Walichukua watoto wote sita wakawapeleka Mulongwe. Yeye akabaki Runingu na jembe lake. Alipotaka kuoa tena, kila mahali walimuuliza habari ya ile damu. Kwanza aliwajibu kwamba ni maleria, halafu naye akaanza kuwaamini. Siku ya Jumapili alikuwa analeta mahindi kwa watoto, anayaacha kwa jirani, juu wajomba walikuwa hawataki akanyage kwao. Hiyo yote nilikuwa naisikia. Uvira si kubwa. Neno la kumuondoa mu ile shida nilikuwa nalo mudomoni kila siku: damu yako iko mzima, kosa ni langu. Shida ni ule mwisho wake. Bila ule mwisho hakuna ambaye angesadiki ule mwanzo, na minye nililipenda jina langu.

Halafu ikaja ile ya Riziki, miaka miwili iliyopita, weye ukiwa mu staji ya masomo. Alikuwa anazaa, damu ikamutoka kama mama yake. Nilikuwa kazini. Baba yake alifika kutoka Runingu na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Baba anaweza kumupa mutoto wake, ile kanuni ya bwana na bibi haikuwa hapa. Nilimuambia: "Baba, weye ni O, twende tukupime." Akaweka mikono nyuma ya mugongo. Akasema: "Mama, usiiguse. Hii damu unaijua weye mwenyewe. Ilimaliza mama yake. Sitaki imalize mutoto."

Ile siku koridoo haikuwa na muntu. Tulikuwa wawili, mulango umefungwa. Ningehitaji dakika moja. Faida, nilimuangalia yule mzee usoni nikamuambia: "Sawa. Lete mwingine."

Na alimuleta. Hiyo ndiyo Riziki hajui, na weye haukujua ulipomutukana juzi. Alikimbia barabarani, muntu wa umri ule, anasimamisha watu, anawashika mikono, batu banafikiri ni kichaa, mpaka akapata kijana wa pikipiki aliyekubali. Damu iliyomuokoa Riziki ilikuja juu ya mbio za baba yake. Lakini mu maternite, wodi ya kuzalia, waliambia Riziki jambo moja tu, kwamba baba yako amekataa, na hajamusemesha tangu siku ile. Mutoto wake hajamuonyesha babu yake. Minye nimeketi kwa Riziki mara ngapi, nimebeba yule mutoto, nimekula sombe yake, na nilijua.

Sikuandikii ili unifariji. Nakuandikia juu unaenda kufanya kazi yangu na unataka kuifanya kama mimi. Unanipenda, kwa hiyo utaniiga, na hapo ndipo haya inanishika mpaka nashindwa kukuangalia ukipanga bluzi zako. Usiichukue ile sauti. Mwanaume akisimama mulangoni na jasho, muache asimame, muulize jina lake. Mama akiletwa, muulize amezaa mara ngapi na kama alishawahi kutiwa damu, na akikuambia ndiyo, ngoja ile Coombs hata kama watu wanakupigia mulango, isipokuwa kweli anakufa mbele yako, na hapo andika kwamba haukuifanya. Mukono wako utakosea siku moja. Wangu ulikosea, na hiyo pekee ningeweza kuibeba. Kilichonivunja ni ile javel. Ile tube ilikuwa na jibu la swali la yule baba, na ningemupa siku ileile akiwa amevaa koti lake la kuazima.

Jana ulipouliza nimeenda wapi na viatu vya matope, nilikuwa Runingu. Nilimukuta anapanda mihogo. Alinipa kiti, yeye akakaa chini. Nilimuambia kama nilivyokuandikia, kuanzia yule kaka mwenye shati. Nilipomaliza alisema: "Rudia pale pa damu." Nikarudia. "Iko mzima?" Nikasema, iko mzima, imekuwa mzima siku zote, ingefaa karibu kila muntu isipokuwa mama ya batoto yako, na yeye pia hakuwa na kosa, ni mwili wake uliilinda tu. Akauliza: "Na weye ulijua?" Nikasema nilijua. "Hata siku ya Riziki?" Nikasema hata siku ile.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angenipiga. Aliangalia mukono wake wa kuume, pale ndani ya kiwiko, muda murefu. Akasema: "Basi ningempa." Nikasema ndiyo, ungempa. Alisimama, akarudi kwenye mihogo yake, na hakunisindikiza. Nilitembea mpaka barabarani peke yangu.

Leo asubuhi nilimuambia munganga mukubwa wetu. Alikuwa hayupo hapa wakati ule. Alisema niandike yote na kuweka sahihi, nitaandika, na kama wataniondoa kazini wataniondoa. Pengine jina langu litakufuata Kalemie. Uliliandika mu barua yako ya kuomba kazi, kwamba umefundishwa na mama yako. Nisamehe kwa hiyo. Si jambo dogo, najua.

Saa sita yule baba alinipigia simu. Hakunisalimia. Alisema: "Nitakuja kesho asubuhi. Utasema mbele ya Riziki. Usiseme kifaransa cha labo. Sema vile uliniambia minye." Nikasema nitasema. Akasema tena: "Na ile ya mihogo usiseme, kwamba sikukusindikiza." Halafu akakata.

Kwa hiyo kesho, mbele ya kwenda Kalundu, tutapita Mulongwe. Barua hii nitaiweka juu ya valizi yako ya nguo, uisome leo, uwe umejua. Usimupigie Riziki simu, hiyo ni kazi yangu. Tukifika, kama unaona haya kuingia na mimi, baki na mizigo kwenye pikipiki, sitakuuliza kitu. Lakini ukiingia, usikae upande wangu. Kaa karibu na yule mzee, juu atakuwa anaingia mara ya kwanza mu nyumba ya mutoto wake, na hajui mahali pa kukaa.

Mama yako